Kabla ya Maabara: Malezi na Elimu ya Mtoto Mdogo

Mwaka 2012 Serikali iliagiza kila shule ya sekondari ya kata nchini Tanzania iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Muda uliowekwa ulipopita, ukaongezwa hadi Juni 2015. Wananchi walichanga fedha, wakasomba mawe na mchanga, na kwa miaka mitatu hivi maendeleo ya kata nyingi yakawa yanapimwa kwa urefu wa kuta za jengo hilo. Kata ya Nyamisangura, iliyomo katika mji wa Tarime, mkoani Mara, ilihusika na agizo hilo sawa na kata nyingine zote za nchi. Hapana apendaye sayansi awezaye kulilaumu. Mwanafunzi anayesoma kemia ubaoni tu ni kama mtu anayefundishwa kuogelea akiwa nchi kavu.

Hata hivyo, yafaa hesabu moja ndogo ifanywe. Mtoto aliyeingia Kidato cha Kwanza mwezi Januari 2015 alizaliwa yapata mwaka 2001. Siku alipokabidhiwa bomba la kupimia na chupa ya iodini alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na ubongo aliokwenda nao maabara ulikuwa umekwisha kufikia sehemu kubwa sana ya ukubwa wake tangu kabla hajajua kuandika jina lake. Je, miaka ile ya kwanza, kata ilimchangia nini? Alikula nini? Nani alizungumza naye? Alipofika miaka mitano alikaa darasani na watoto wangapi, na mwalimu wao alikuwa nani?

Makala haya yanashikilia kwamba taifa litakalo wanasayansi haliwezi kuyaacha maswali hayo kuwa mambo ya jikoni. Darasa la awali, pamoja na malezi yanayolitangulia, ndipo mahali ambapo shilingi ya elimu hufanya kazi kubwa zaidi. Na kwa bahati mbaya ndipo mahali ambapo katika shule nyingi hupelekwa kilichosalia baada ya madarasa mengine kugawiwa.

Tuanze na ubongo wenyewe. Mtoto mchanga huzaliwa na ubongo wenye uzito wa kiasi cha robo ya ule wa mtu mzima. Afikapo miaka miwili umefikia takriban robo tatu, na afikapo miaka sita umebakiza sehemu moja tu ya kumi. Hakuna kiungo kingine cha mwili kinachokwenda kwa haraka namna hiyo. Kinachoongezeka si hasa idadi ya seli za neva, kwa sababu nyingi kati ya hizo mtoto huzaliwa nazo. Kinachoongezeka ni mafungamano baina ya seli na seli, ambayo wataalam huyaita sinapsi, pamoja na utando wa mafuta unaozizunguka nyuzi za neva na kuufanya ujumbe upite upesi. Katika miaka ya mwanzo mafungamano hayo hutengenezwa kwa wingi unaopita mahitaji. Baadaye ubongo huanza kuyachuja: yale yanayotumika huimarika, yasiyotumika hunyauka. Mtoto wa Tarime aliyezoea kuswaga ndama anazijua njia za ng'ombe ziendazo mtoni. Ile inayokanyagwa kila siku huwa ngumu na nyeupe, na ile iliyoachwa huota majani hata isijulikane kama palikuwa na njia. Ndivyo lugha, uoni, kujizuia na kukumbuka zinavyojichimbia njia zake ubongoni.

Kazi hii yahitaji nguvu nyingi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ubongo wa mtoto wa umri wa miaka minne au mitano hula karibu theluthi mbili ya nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Kwa mtu mzima ubongo hutumia kiasi cha sehemu moja tu ya tano. Ndiyo maana mtoto mwenye njaa darasani si mtukutu wala si mvivu. Injini yake haina mafuta. Tena ndiyo maana elimu ya mtoto mdogo haitenganishiki na chakula chake. Mwaka 1991 na 1992 karibu nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta wamepungua hadi asilimia 30. Hayo ni maendeleo ya kweli; hata hivyo maana yake ni kwamba katika kila watoto kumi watakaoingia darasa la awali, watatu wamekwisha kupunjwa kabla ya kengele ya kwanza kulia.

Hapa sayansi ya nyumbani ina la kusema, na wanafunzi wa sekondari wanaweza kulithibitisha kwa mikono yao. Katika nyumba nyingi za Tarime na Serengeti mtoto aliyeanza kuachishwa ziwa hupewa uji wa mahindi, wa muhogo au wa ulezi. Tatizo la uji ni maji. Ukipikwa mzito, mtoto mdogo hawezi kuumeza. Ukipikwa mwepesi, tumbo lake, ambalo si kubwa kuliko ngumi mbili zake, hujaa maji kabla hajapata nguvu za kutosha. Miaka ya 1980 wataalam wa lishe wa Tanzania, wakiwamo wa taasisi ya chakula na lishe iliyoundwa mwaka 1973, walilitafutia tatizo hili jibu katika kitu ambacho bibi wa Kikurya amekijua siku zote kwa kazi nyingine: kimea. Ulezi uliolowekwa, ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa huwa na kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukata minyororo mirefu ya wanga na kuifanya sukari fupi fupi. Minyororo ikikatwa, haiwezi tena kuyashika maji. Kijiko kimoja cha unga wa kimea kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kidogo, baada ya dakika chache uji ule hulegea na kumiminika, ingawa haujaongezwa hata tone la maji. Hapo mtoto anaweza kunywa katika kikombe kimoja nguvu ambazo kabla yake zingehitaji vikombe viwili au vitatu. Machipukizi yaondolewe kabla ya kusaga, na uji uchemshwe tena kidogo kabla ya kumpa mtoto.

Mwalimu wa baiolojia anaweza kuifanya habari hii kuwa somo. Uji mzito ugawanywe katika vikombe viwili, kimoja kitiwe kimea na kingine kiachwe. Baada ya robo saa sampuli ndogo ya kila kimoja ipelekwe maabara na kudondoshewa iodini. Ule usiotiwa kimea utakuwa na weusi wa buluu. Ule wa pili rangi yake itapungua kwa kadiri wanga ulivyovunjwa. (Sampuli zilizotiwa iodini zimwagwe, zisinywewe.) Kimea kwa muda mrefu kimesifiwa na kulaumiwa kwa ajili ya pombe tu, ni haki kikaandikwa pia upande wa watoto.

Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba tumbo likishiba kazi imekwisha. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston nchini Jamaika, daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwaandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi tisa na ishirini na minne. Baadhi walipewa maziwa ya ziada. Baadhi mama zao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya kwa muda wa saa moja hivi kila wiki, miaka miwili mfululizo, akiwaonyesha namna ya kucheza na mtoto na kuzungumza naye. Wengine walipata vyote viwili, na wengine hawakupata chochote. Wahudumu wale hawakuwa wasomi wa chuo kikuu, na vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa makopo, vitambaa na mbao. Miaka ishirini baadaye watoto wale walitafutwa wakiwa watu wazima. Wale ambao mama zao walitembelewa kwa ajili ya michezo na mazungumzo walikuwa na mapato yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 25. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya kudumu.

Katika Guatemala mambo yalionekana kwa upande mwingine. Tangu 1969 hadi 1977 vijiji viwili vilipewa uji wenye protini na nguvu nyingi, na viwili vingine kinywaji chenye sukari lakini kisicho na protini. Wavulana waliokunywa uji ule kabla ya kutimiza miaka mitatu walikuja kulipwa wakiwa watu wazima ujira wa saa uliozidi wa wenzao kwa asilimia 46. Waliouanza baada ya umri huo hawakupata faida hiyo. Msomaji asishangae kwamba chunguzi mbili zinaelekea kusigana. Watoto wa Jamaika walianza wakiwa wamekwisha kudumaa, na wale wa Guatemala walifikiwa wangali wakikua. Yote mawili yanakubaliana katika jambo moja kuu, yaani wakati.

Kuhusu mazungumzo na mtoto mchanga, ukanda huu una habari zake. Wakisii, majirani wa Wakurya upande wa Kenya, walichunguzwa miaka ya 1950 na tena miaka ya 1970 na Robert LeVine na wenzake, ambao kitabu chao kilitoka mwaka 1994. Walikuta mama wa Kisii akimbeba mtoto wake muda mrefu, akimjibu upesi anapolia, akilala naye. Lakini akizungumza naye kidogo sana akilinganishwa na mama wa Boston. Mchana mtoto alikabidhiwa dada yake wa miaka sita, saba au minane. LeVine hakuyaita malezi hayo mabaya, naye alikuwa na sababu. Mahali ambapo watoto wengi walikufa kabla ya kutambaa, mama mwenye busara alishughulika kwanza na uhai. Malezi yale yalifanya kazi iliyotakiwa wakati wake. Kinachobadilika ni kazi yenyewe: mtoto wa leo, vifo vikiwa vimepungua sana, atadaiwa kusoma, kuhesabu na kujieleza mbele ya watu wasiokuwa ndugu zake.

Na atadaiwa ayafanye hayo kwa lugha nyingine. Katika vijiji vya Tarime mtoto hukua akisema Igikuria. Ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili, na watu wengi hudhani kwa hiyo kuhama ni jambo jepesi. Lakini Igikuria ina irabu saba ilhali Kiswahili kina tano, na kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana. Mtoto aliyeijua nyumba yake yote kwa jina, aliyejua kila ng'ombe na rangi yake, huingia darasani na kuonekana bubu. Mjini, katika kata kama Nyamisangura ambako watu wa makabila mbalimbali hukaa pamoja, Kiswahili husikika zaidi sokoni na barabarani. Lakini kukisikia barabarani si kukitumia katika kufikiri. Baada ya miaka michache anakuja Kiingereza, mlangoni pa sekondari. Mwalimu wa Kidato cha Kwanza anayelalamika kwamba wanafunzi wake hawawezi kueleza walichokiona katika jaribio anatazama paa linalovuja. Ufa ulianza kwenye msingi.

Mara ilikuwa mmojawapo wa mikoa iliyofikiwa na mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza tangu 2014. Moja ya kazi za mpango huo ilikuwa kuwaandaa kwa wiki kumi na sita watoto wa vijiji visivyofikiwa na darasa la awali. Waliofundisha walikuwa vijana wa kujitolea wa kijiji kile kile, wenye kuijua lugha ya nyumbani, wakitumia hadithi, nyimbo na michezo hadi watoto wakavuka pole pole kuingia katika Kiswahili. Hilo lilikuwa wazo la busara. Lakini wiki kumi na sita ni dawa ya dharura, na kujitolea si ajira. Nchi haiwezi kuweka msingi wa elimu yake yote mabegani mwa kijana ambaye mvua ikinyesha hana budi kuchagua kati ya watoto wa wenzake na shamba lake.

Pengo hili lina historia yake, na sehemu yake ilifanyika mkoani Mara kwenyewe. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitaka watoto waanze shule wakiwa na umri mkubwa zaidi, miaka saba badala ya mitano au sita, ili wamalizapo wawe wamepevuka kiasi cha kuweza kufanya kazi za kijiji. Kwa nchi ambayo wengi wangeishia darasa la saba, hoja hiyo ilikuwa na mantiki. Kisha Novemba 1974 halmashauri kuu ya chama ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, badala ya kungoja hadi 1989. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifanya kazi, na madarasa yakajaa. Azimio la Musoma lilikuwa tendo la ujasiri. Bali miaka ya kabla ya saba ilibaki mikononi mwa familia, makanisa, misikiti, na vituo vya kulelea watoto mchana, ambavyo vilikuja kutungiwa sheria mwaka 1981. Watu waliviita shule za vidudu, na jina hilo laonyesha heshima waliyopewa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi. Ile ya 2014 iliifanya kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja na bila ada. Ada zilipofutwa, watoto wa madarasa ya awali nchini waliongezeka kutoka 1,070,000 hivi mwaka 2015 hadi 1,560,000 hivi mwaka 2016, yaani zaidi ya asilimia 40 katika mwaka mmoja. Desemba 2021 Serikali ilizindua programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayounganisha afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji na ulinzi tangu mimba hadi miaka minane. Kwa maandishi, basi, hakuna lililosahauliwa.

Ugumu upo katika neno ubora, ambalo ni rahisi kuliandika na ghali kulitimiza. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto ishirini na watano. Madarasa ya awali yenye watoto mia moja au zaidi si jambo la ajabu katika shule za serikali. Na katika chumba kama hicho hata mwalimu hodari hana la kufanya ila kuwaimbisha wote kwa pamoja: a, e, i, o, u. Kelele ni kubwa na mgeni hupendezwa nayo. Lakini mtoto wa miaka mitano hajifunzi kwa kuitikia pamoja na mia. Hujifunza anapoulizwa yeye, akasubiriwa, akajibu vibaya, akaulizwa tena.

Mwanafunzi yeyote mwenye mdogo wake nyumbani anaweza kuliona jambo hili leo jioni. Achukue vikombe viwili vilivyo sawa, avijaze maji sawasawa, na mdogo wake wa miaka minne akubali kwamba yako sawa. Kisha mbele ya macho yake amimine kimoja katika chupa nyembamba. Mtoto karibu daima atasema kwamba chupani mna maji mengi zaidi. Mswisi Jean Piaget alijipatia sifa kwa majaribio ya aina hii. Kumcheka mtoto hakusaidii, wala kumwambia jibu. Amwachie aimimine mwenyewe kurudi kikombeni, mara tatu, mara nne, akisema anachokiona. Hiyo ni sayansi: kukisia, kujaribu, kukiri kwamba makisio hayakulingana na kilichotokea. Vifaa vyake ni vikombe na chupa tupu. Kinachokosekana aghalabu ni mtu mzima aliyefundishwa kunyamaza na kungoja.

Kwamba ubora ndio unaoleta tofauti limekwisha kuonyeshwa katika Afrika Mashariki yenyewe. Miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Mombasa walitaka watoto wao wapate elimu ya awali isiyowatenga na dini na utamaduni wao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ilianza programu ya Madrasa, iliyoongozwa na Bi Swafiya Said. Ikaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu walikuwa wanawake wa mahali pale pale, waliofundishwa kwa muda mrefu na kufuatwa darasani kwao mara kwa mara. Vifaa vilikuwa vifuu, mbegu, makasha na vitambaa. Uchunguzi wa Peter Mwaura na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha watoto katika nchi zote tatu. Waliokwenda shule yoyote ya awali waliwashinda waliobaki nyumbani, na wale wa Madrasa wakawazidi wa shule nyingine. Mwenye kusema kwamba ubora ni anasa ya Ulaya atembelee Kisauni au Unguja.

Katika mijadala ya namna hii hutajwa sana hesabu za Marekani, hususan zile za James Heckman, mshindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 2000, aliyekadiria kwamba shilingi iliyowekwa katika shule ya awali ya Perry, mjini Ypsilanti, ilirudisha faida ya asilimia saba hadi kumi kwa mwaka. Inafaa tahadhari. Watoto wa uchunguzi ule walikuwa 123 tu, wa mji mmoja, na sehemu kubwa ya faida iliyohesabiwa ilitokana na gharama za uhalifu zilizoepukwa. Haiwezekani kuibeba asilimia hiyo hadi Tarime kama mtu anavyobeba debe la mahindi. Mtoto wa Nyamisangura hahitaji kutetewa kwa takwimu ya Michigan.

Fedha zenyewe zitatoka wapi? Ng'ambo ya mpaka, kuanzia Isebania, katiba ya Kenya ya 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, kwa hiyo Mkurya wa Migori anajua amuulize nani. Upande wa Tarime wajibu umegawanyika kati ya wizara ya elimu, ile ya maendeleo ya jamii na halmashauri, na kitu kilichoshikwa na wengi huweza kuanguka bila mtu kuona aibu. Wilaya ya Tarime ina dhahabu ya Nyamongo, na marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni kuandaa kila mwaka, pamoja na halmashauri, mpango wa kuchangia jamii. Madarasa na visima hupendwa katika mipango hiyo kwa sababu hupigwa picha. Mshahara wa mwalimu wa awali haupigwi picha. Wala mafunzo ya mama muuza ndizi anayewalea watoto kumi na wawili wa wenzake uani kwake ili mama zao waende sokoni.

Jambo la kwanza la kufanya halihitaji fedha mpya kabisa. Ni mwalimu mkuu kuacha desturi ya kumpeleka darasa la awali mwalimu aliyeshindikana kwingine, au aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Jambo la pili, ambalo ni ghali, ni kuajiri walimu waliosomea kazi hiyo mpaka lile darasa la mia ligawanyike manne. Hapo katikati kuna uji, ambao wazazi wanaweza kuuchangia kwa kibaba cha ulezi ikiwa wataelezwa ni wa nini na hesabu yake ikabandikwa ukutani.

Walimu wa sekondari huhudhuria vikao vya kata, nao husikilizwa. Pindi ujenzi wa maabara unapoombewa mchango wa awamu nyingine, hakuna kanuni inayomkataza mwalimu wa fizikia kusimama na kuuliza juu ya shule ya msingi iliyo jirani: darasa la awali lina watoto wangapi, mwalimu wao alisomea wapi, na saa nne asubuhi wanakunywa nini.